Kanga za bibi zimebaki sandukuni? Soma hii kabla hujashika mkasi

Hitma ikishaisha na wageni wakishaondoka, linabaki sanduku. Ndani yake zimo kanga za marehemu: nyingine hata doti haijakatwa, nyingine zimevaliwa mpaka zimekuwa laini kabisa, chache zina matundu ya nondo. Mabinti wanagawana, wajukuu wanapewa moja moja, na zilizochakaa zinaishia kuwa matambara ya kudekia.

Siku hizi kuna njia nyingine. Mafundi na vijana wanaopenda vitu vya zamani, “vinteji” kama wanavyosema wenyewe, wanazikata kanga hizo na kuziunganisha upya. Zinakuwa foronya, mikoba, mgongo wa jaketi la jinzi la mtumba, na hasa kwilti, yaani blanketi la viraka lenye tabaka tatu. Zinapendeza kweli, na mtandaoni zinapata wateja.

Tatizo ni kwamba kanga ikishakatwa, imekatwa. Na katika sanduku moja kunaweza kuwa na kanga kumi za kawaida na moja ambayo huenda hutaiona tena popote.

Kanga yenyewe ilianza kwa kuungwa

Wapo wanaoona kukata kanga na kuiunga ni kuiharibu mila. Historia haiko upande wao sana.

Mwishoni mwa karne ya 19, wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wakinunua leso za mraba zenye rangi, zilizokuja zimeshikana kwenye jora. Badala ya kuzitenganisha moja moja, walikata sita, wakazigawa tatu tatu, kisha wakashona safu hizo mbili pamoja. Ikapatikana nguo moja pana ya kujifunga. Neno “leso” lenyewe limetokana na Kireno, “lenço”, na ndiyo maana Mombasa mpaka leo wengi wanaiita leso wakati Dar es Salaam ni kanga.

Wenye maduka hawakuchelewa kuona biashara. Wakaagiza kitambaa kilichochapwa muundo mzima kwa mara moja, bila mshono katikati. Kuhusu jina “kanga”, maelezo yanayosikika zaidi ni ya yule ndege: miundo ya mwanzo ilikuwa na vitone vyeupe juu ya rangi nzito, kama manyoya yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuwa na pindo, mji na jina kama tunavyoijua, kanga ilikuwa viraka sita na uzi.

Utajuaje kama ni ya zamani kweli?

Anza na jina, yale maandishi yaliyo chini ya mji. Majina ya mwanzo, kwenye miongo ya kwanza ya karne ya 20, yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Baadaye herufi za Kilatini zikachukua nafasi. Ukikuta kanga yenye jina la Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, weka mkasi mbali kwanza.

Angalia pia alama ya mwenye duka au ya kiwanda, kawaida maandishi madogo karibu na pindo. Hapa wengi wanadanganyika. “Mali ya Abdulla”, alama ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, ni ya miaka mingi sana lakini imeendelea kuchapwa vizazi na vizazi. Alama peke yake haikupi umri. Muuzaji akikwambia hii ni ya 1920 kwa sababu tu ina alama hiyo, tabasamu uendelee na safari.

Kinachosaidia zaidi ni mahali ilipochapwa. Kwa miongo mingi kanga zilichapwa nje: Uholanzi, Uingereza, India, baadaye Japani. Viwanda vya hapa nyumbani vilikuja kushika kasi baada ya uhuru, miaka ya 1960 na 1970: Urafiki ya Dar es Salaam iliyojengwa kwa msaada wa China, Mwatex ya Mwanza, Rivatex ya Eldoret. Vingi vya viwanda vya enzi hizo vilikuja kufungwa, kuuzwa au kupunguza kazi. Kanga ya kiwanda ambacho hakichapi tena ina hadhi yake, hata kama si ya enzi za mkoloni.

Halafu kuna kanga za matukio: uhuru, sherehe za chama, ziara za viongozi, misiba ya kitaifa. Hizi ni rahisi, mara nyingi tarehe imeandikwa palepale. Hata ile ya “Hongera Barack Obama” iliyotoka baada ya uchaguzi wa Marekani wa 2008 sasa inatafutwa na wakusanyaji.

Tahadhari moja kuhusu kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe inayohusishwa na harusi za pwani. Mara nyingi haina jina kabisa, na muundo wake umerudiwa kwa zaidi ya miaka mia. Usiitupe kwa kudhani ni kitambaa tu kwa vile haina maandishi, na pia usiinunue kwa bei ya ajabu kwa vile tu inaonekana ya kale.

Ukitaka kujua kama ni pamba au poliesta, chomoa uzi mmoja pembeni uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inanuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta inayeyuka, ikipoa inakuwa kidonge kigumu. Kwa mtu anayeshona kwilti hilo ni muhimu, maana vitambaa hivyo viwili havirudi kwa kiasi sawa vikifuliwa, na pasi ya moto wa pamba itaiyeyusha poliesta.

Ipi ikatwe, ipi iachwe

Kanga iliyochanika katikati, iliyoliwa na nondo au yenye doa la kutu lisilotoka, hiyo haina cha kupoteza. Kukata sehemu nzima zilizobaki ni kuiokoa. Kanga ya dukani ya miaka michache iliyopita nayo ni ruksa, doti yake huenda bado inauzwa Kariakoo au Biashara Street, Mombasa.

Ya kuacha ni hii: iliyo nzima, yenye herufi za Kiarabu, ya tukio lenye tarehe, au doti ambayo haijawahi kutenganishwa. Ongeza na ile ambayo familia ina habari yake. Kama mama anakumbuka kwamba hii ndiyo bibi alijifunga siku ya kuzaliwa kitindamimba, basi thamani yake haipo kwenye kitambaa peke yake. Uliza kabla wenye kumbukumbu hawajaondoka nao. Andika walichosema kwenye kipande cha pamba nyeupe kwa penseli, ukishikize pembeni kwa mishono miwili mitatu.

Na hata ile unayoikata, ipige picha kwanza ikiwa imetandazwa yote: pindo, mji na jina. Simu unayosomea hapa inatosha. Picha moja ya nzima, moja ya jina, moja ya alama ya kiwanda.

Kuna njia ya katikati ambayo mafundi wengi wanaisahau: usikate kabisa. Kanga nzima inaweza kuwa uso wa kwilti, ikashonewa juu ya blanketi jembamba na shuka nyuma, mishono ikifuata mistari ya pindo. Siku ukitaka, unaifumua na kanga yako inabaki nzima, ina vitobo vya sindano tu.

Mjane wa Alabama

Anayedhani kushona viraka ni kazi ya kuua muda aangalie Gee's Bend, kijiji kilichoko kwenye kona ya mto Alabama, kusini mwa Marekani. Wakazi wake wengi ni wazao wa watumwa waliolimishwa pamba hapohapo. Wanawake walishona kwilti kutoka kwenye magunia na nguo kuukuu za shamba, kwa sababu nyumba zilikuwa na baridi na hela ya blanketi hakuna.

Mwaka 1942 Missouri Pettway, mmoja wa wanawake hao, alifiwa na mumewe. Alizichukua nguo za kazi za marehemu, akazikata na kuziunga kuwa kwilti ya kujifunika. Magoti ya suruali yaliyopauka yanaonekana mpaka leo. Mwaka 2002 kwilti za kijiji hicho zilioneshwa kwenye makumbusho ya sanaa Houston, kisha Whitney, New York. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikazitia kwenye stempu.

Kuna uzi unaofika mpaka kwetu pia. Kabla ya kanga, nguo iliyotamba Afrika Mashariki ilikuwa merikani, pamba isiyotiwa rangi iliyoletwa Unguja na wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Viwanda vya kule vilitegemea pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, merikani ikaadimika, na nguo za Uingereza na India zikajaza pengo.

Kufua bila kulia

Usiitumbukize kanga ya zamani kwenye mashine, na usiiloweke na nyingine. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, kikandamize kwenye kila rangi kwa dakika moja. Kikitoka na wekundu, hiyo rangi inachuja, usiifue nyumbani. Isipochuja, tumia maji baridi na sabuni laini kidogo sana, ibonyeze bila kuikamua, kisha ianike imelazwa kivulini. Jik hapana, hata tone.

Usiihifadhi kwenye mfuko wa plastiki, unyevu unanaswa na ukungu unaingia. Izungushie shuka la pamba lililofuliwa. Karafuu ni sawa, lakini kwenye kifuko chake, zisigusane na kitambaa kwa vile mafuta yake yanaacha madoa. Kila baada ya miezi michache ifungue na uikunje kwa mikunjo mipya. Kanga nyingi za sandukuni hazichaniki kwa kuvaliwa, zinachanika kwenye mkunjo uleule uliokaa miaka 30.

Hesabu ya kwilti ya kwanza

Kanga moja ni takriban sentimita 150 kwa 100. Ukikata miraba ya sentimita 17 kila upande, unapata vipande 40: nane kwa urefu, vitano kwa upana. Ukishona kwa kuacha sentimita moja kila ukingo, kila mraba unabaki na sentimita 15. Miraba 10 kwa 14 inakupa kwilti ya sentimita 150 kwa 210, ya kitanda cha futi tano kwa sita. Hiyo ni miraba 140, yaani kanga nne, au doti mbili. Kama zina matundu, tafuta ya tano.

Fua zote kabla ya kukata, hata mpya. Ile mpya ina dondo la kiwandani na itarudi kidogo ikikutana na maji. Ukishona kabla haijarudi, kwilti itajikunyata mara ya kwanza ikifuliwa.

Majina usiyakate katikati. Yatoe kama vipande virefu na uyatumie kuzungushia ukingo. Ila yasome kwanza, na uyasome yote kwa pamoja. Kanga zimekuwa zikitumika kumpasha jirani au mke mwenza bila kufungua mdomo, na baadhi ya majina aliyonunua bibi yalikuwa na mtu wake. Si kila moja linafaa kumfunika bibi harusi.