Mtaa wenu una giza? Jueni mlango wa kubisha

Je, msomaji, taa ya barabarani karibu na kwenu ilizimika lini? Huenda hata hukumbuki. Lakini mama anayetoka saa kumi alfajiri kwenda kununua mboga sokoni anakumbuka, na msichana anayerudi jioni kutoka masomo ya ziada anakumbuka vizuri zaidi. Kila mmoja amejifunza kupita pale akiwa ameukumbatia mkoba na roho ikiwa mkononi.

Mara nyingi majirani huchanga pesa, wakaajiri mlinzi mmoja na kununua kufuli kubwa zaidi. Hilo si baya. Hata hivyo, kuna pesa za umma ambazo hutengwa kila mwaka kwa kazi kama hizi, nazo huenda kwa mitaa iliyoziomba kwa njia inayofaa. Mtaa ulionyamaza huambulia manung'uniko.

Jambo la kwanza ni kujua nani hulipia nini. Katiba ya 2010 iliwapa serikali za kaunti jukumu la taa za barabarani, zimamoto na kukabiliana na majanga. Polisi ni wa serikali ya kitaifa. Kwa hivyo ukimwendea gavana umwombe askari zaidi, au ukimwendea mkuu wa kituo cha polisi umwombe mlingoti wa "mulika mwizi", utazungushwa hadi viatu viishe soli.

Kwa upande wa kitaifa, vituo vingi vidogo vya polisi na ofisi za machifu zilijengwa kwa pesa za mfuko wa maeneo bunge, ulioanzishwa mwaka wa 2003 na kupewa sheria mpya mwaka wa 2015. Mnamo Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria hiyo inakiuka Katiba, na uamuzi huo ukakatiwa rufaa. Basi kabla ya kuandika barua yoyote, fika katika ofisi ya naibu kamishna wa kaunti uulize ombi la aina yenu lapelekwa wapi wakati huu. Kuuliza si ujinga.

Kwa upande wa kaunti, kalenda ndiyo mwalimu. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hufaa kufikishwa katika bunge la kaunti kufikia Septemba 1, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Anayekwenda kulilia taa mwezi wa Juni amefika karamuni wakati sufuria zinaoshwa. Hudhurieni mikutano ya maoni ya wananchi katika wadi yenu kabla ya tarehe hizo, na ombi lenu liwe limeandikwa.

OMBI LENYE UZITO

Barua inayosema "tunaomba usalama" haimsaidii afisa yeyote. Semeni mnachotaka kwa vipimo: taa sita, kutoka kituo cha matatu hadi lango la shule ya msingi. Kisha toeni ushahidi. Wekeni daftari la mtaa lenye tarehe, saa, mahali na kilichotokea, bila kutaja majina ya waliodhulumiwa. Na kila tukio liripotiwe polisi mpate nambari ya OB. Wengi wetu husema, "Nikiripoti itanisaidia nini?" Ukweli mchungu ni kwamba wizi usioripotiwa, machoni pa serikali, haukutokea. Mtaa wenye visa 40 na ripoti mbili huonekana mtulivu kuliko wenye visa kumi na ripoti kumi.

Vijana mlio shuleni na vyuoni, hapa kuna kazi yenu. Choreni ramani ya mtaa, tieni alama mahali penye giza na vichochoro ambavyo gari la zimamoto haliwezi kupita. Hili si jambo la mzaha. Moto wa Gikomba wa Juni 2018 uliwaua watu 15.

Chunguzeni pia ardhi ni ya nani, kwa maana jengo kwenye kiwanja chenye mzozo huishia kortini. Na kama mnaomba kituo cha polisi, mwulizeni kwanza mkuu wa kituo kilicho karibu iwapo askari watapatikana. Kituo kisicho na askari ni nyumba ya popo.

Msiende mmoja mmoja. Sheria ya mwaka wa 2022 kuhusu vikundi vya kijamii huruhusu watu kumi au zaidi kusajili kikundi katika ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkipeleka barua, hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri. Akitokea mtu wa kudai "chai" ili faili isonge, msimpe, na muandike jina lake.

PESA ZIKIFIKA

Kuna mitaa iliyopata pesa, ikashangilia, kisha giza likarudi baada ya miezi michache. Kwa nini? Hakuna aliyeuliza mapema nani atalipa bili ya stima na nani atabadilisha balbu. Ulizeni swali hilo kabla ya mlingoti wa kwanza kusimikwa, na jibu liandikwe.

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Iwapo mtaa wenu umepewa kamati ya kusimamia mradi, chagueni watu wasio jamaa wa mwanakandarasi, na wanawake wawemo, kwa sababu wao ndio wanaojua giza liko wapi. Bandikeni ukutani kiasi cha pesa, jina la mwanakandarasi na siku ya kumaliza kazi. Hesabuni taa wenyewe. Mlioahidiwa sita msikubali nne.

Na mkinyimwa habari, kuna Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hulipishwi chochote kuliwasilisha, na afisa anapaswa kukujibu katika siku 21. Ikiwa habari hiyo inahusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Akikaa kimya, peleka malalamiko kwa Ombudsman.

Jumapili hii, kabla hamjaondoka mezani, mwombeni mtoto mmoja alete kalamu na daftari. Andikeni mahali patatu ambapo hakuna hata mmoja wenu angependa kupita usiku. Kisha mbishieni jirani hodi, mwone kama orodha yake inafanana na yenu.