Mwizi wa Stima Asiyepanda Mlingoti



Stima ikipotea hapa Muthara, mashine ya posho inasimama, vifaranga wanapata baridi na kinyozi anafunga. Kwa kawaida tunalaumu mvua au mti ulioangukia waya. Lakini kuna njia nyingine: mhalifu aliye mbali anaweza kuingia kwenye kompyuta zinazoongoza stima.

Mambo haya yamewahi kutokea. Tarehe 23 Desemba 2015, huko Ukraine, wateja zaidi ya 220,000 walizimiwa stima. Wahalifu walituma barua pepe kwa wafanyakazi. Aliyefungua faili iliyokuja nayo aliwafungulia mlango. Waliiba maneno ya siri, wakangoja miezi, kisha wakazima swichi. Mafundi walikwenda vituoni wakawasha kwa mkono, na stima ikarudi baada ya saa chache.

Kwetu Kenya, Julai 2023, mtandao wa eCitizen ulishambuliwa kwa kujazwa maombi mengi mpaka ukalemewa. Siku hizo watu pia walitatizika kununua tokeni. Waya zilikuwa nzima, lakini tokeni zikikuishia, unakaa giza.

Je, kosa la mahali pamoja laweza kugusa nchi nzima? Ndiyo, kwa sababu vituo vimeunganishwa. Juni 2016, tumbili mmoja aliangukia transfoma katika kituo cha Gitaru, kwenye mto Tana. Mashine zingine zikazidiwa mzigo, na Kenya nzima ikakosa stima. Tumbili hakuwa na nia mbaya. Mwenye nia mbaya je?

Kinga ya kampuni ni kutenga kompyuta za ofisi na zile za swichi, kulinda maneno ya siri, na kuwazoesha mafundi kuwasha kwa mkono.

Na sisi tufanye nini?

1. PIN ya simu ya kikundi isitajwe kwa mtu yeyote, hata akisema anatoka ofisi ya stima.
2. Nunua tokeni kwa njia rasmi tu. Ukiambiwa utume pesa ndiyo mita isifungwe, kata simu, kisha uliza Kenya Power kwa 97771.
3. Usingoje tokeni ziishe. Ingiza za akiba mapema.
4. Mwenye vifaranga awe na njia nyingine ya kuwapasha joto.

Swali la mkutano: stima ikipotea siku tatu, kikundi chenu kitapoteza nini, na mmejiandaaje?