Jani Lisilolowa

Wanangu, tafuteni jani la gimbi. Likiwa bado kwenye mmea wake ni bora zaidi, kwa hiyo msilichume. Limwagieni maji kidogo, kiasi cha kijiko. Maji hayatasambaa wala hayatalilowesha. Yatajikusanya yawe matone ya mviringo, yateleze, yaanguke chini, na jani litabaki kavu. Mkitazama kwa makini mtaona kwamba matone yanapopita huzoa vumbi.

Huko India kuna mmea unaofanya jambo hilo kwa ustadi mkubwa zaidi. Ni yungiyungi la kule, ambalo kwa Kihindi huitwa kamal. Linafanana na yungiyungi la mabwawa yetu, ila majani yake mengi, mapana na ya duara, hayalali juu ya maji. Husimama hewani kwa vikonyo virefu, na maua yake ya waridi husimama pamoja nayo. Mashina na mizizi yake yamo ndani ya tope jeusi zito. Humo ndimo ua linamotoka, na linatoka safi.

Watu wa India waliliona hilo zamani sana. Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali kwa Wahindu, huchorwa akiwa juu ya ua hili. Wabudha nao humchora Buddha ameketi juu yake. Katika Bhagavad Gita, kimojawapo cha vitabu vitakatifu vya Wahindu, mtu anayetimiza wajibu wake bila tamaa anafananishwa na jani hili lisiloshikwa na maji. Angalieni vizuri: wanasema jani, hawasemi ua. Aliyetunga mfano huo alikuwa ameona tone likiteleza.

Katika miaka ya 1970 mtaalamu wa mimea kutoka Ujerumani, Wilhelm Barthlott, alianza kuchunguza majani kwa hadubini ya elektroni. Akakuta kwamba jani hili, ambalo kwa macho yetu ni laini, limejaa vinundu vidogo mno vilivyofunikwa kwa nta. Tone la maji hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo, na chini yake kuna hewa. Vumbi nalo hukaa juu ya ncha hizohizo bila kushika, kwa hiyo tone likipita huondoka nalo. Leo kuna rangi za kuta za nje zilizotengenezwa kwa kuiga jani hilo, ili mvua ikinyesha ukuta ujisafishe wenyewe.

Na bado maajabu ya mmea huu hayajaisha. Ua lake linapochanua hujipasha joto. Hewa inaweza kushuka hadi nyuzi 10 usiku, lakini ndani ya ua joto hubaki kati ya nyuzi 30 na 36, karibu na joto la mwili wako. Mbawakawa wanaobeba chavua hupata humo chumba cha kulala chenye joto.

Nimeanza na jani hili kwa sababu kuna jambo ninaloliamini kwa moyo wote. Alama takatifu za India hazikuokotwa hewani. Mtu fulani, ambaye jina lake hatulijui, aliketi kando ya bwawa akatazama muda mrefu kuliko wenzake, na alichokiona kikawa picha hekaluni. Ukitaka kuielewa picha, rudi kwa kiumbe chenyewe.

Tufanye hivyo kwa mti wa pipal. Huo ni jamaa wa mkuyu. Jani lake lina umbo la moyo, na ncha yake ni ndefu na nyembamba kama mkia. Kikonyo chake nacho ni kirefu na chepesi kupinda, kwa hiyo upepo ambao hautikisi miti mingine mingi huyatikisa majani ya pipal. Mti mzima hunong'ona mchana wa joto, wakati miti ya jirani imenyamaza. Si ajabu watu walisema miungu inakaa humo! Kwenye mihuri ya mawe kutoka Mohenjo-daro, mji wa kale wa bonde la Indus ambao leo uko Pakistan, majani ya pipal yamechongwa, na mihuri hiyo ina umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Chini ya pipal mmoja, mahali panapoitwa Bodh Gaya, ndipo Siddhartha Gautama alipoketi akitafakari hadi akawa Buddha. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo, Sanghamitta, binti wa mfalme Ashoka, alichukua tawi la mti huo akalivusha bahari hadi Sri Lanka. Likapandwa Anuradhapura. Mti uliotokana nalo ungali hai leo, na umetunzwa na watu kizazi baada ya kizazi kwa zaidi ya miaka 2,200. Hebu fikirini ni mikono mingapi imewahi kuumwagilia maji.

Maua ya pipal hamtayaona kamwe mkitazama matawi, kwa kuwa yamo ndani ya tunda. Nyigu mdogo sana hupenya kwenye tundu la tunda, huchavusha maua humo ndani, na hutaga mayai. Mmewahi kupasua kuyu mkakuta vidudu? Ni habari ileile. Kila mti wa ukoo huu una nyigu wake, na nyigu asipokuwepo, hakuna mbegu.

Mti mwingine wa India mnaujua tayari, pengine umesimama uani kwenu: mwarobaini. Asili yake ni nchi za upande huo. Kwetu pwani unajulikana kwa uchungu wa dawa yake, na kule pia, lakini kule uchungu huo umepewa nafasi ya heshima. Katika mwaka mpya unaoitwa Ugadi, ambao watu wa Andhra Pradesh, Telangana na Karnataka huusherehekea mwezi Machi au Aprili, familia hutengeneza mchanganyiko wa maua ya mwarobaini, sukari guru, embe bichi, ukwaju, pilipili na chumvi. Kila mtu huonja, watoto pia. Mwaka unaokuja utakuwa na ladha zote hizo, nao wanazipokea zote kwa kijiko kimoja.

Sasa tupande milimani, kusini kabisa, kwenye milima ya Ghats ya Magharibi. Huko kuna kichaka kiitwacho kurinji. Mwaka wa kwanza hakichanui. Wa pili hakichanui. Wa tano, wa nane, wa kumi, bado. Mwaka wa 12, vichaka vyote vya mlimani huchanua kwa pamoja, na miteremko hugeuka buluu ya zambarau kadiri macho yanavyofika. Kisha vyote hutoa mbegu na kufa. Ilikuwa hivyo 2006, ikawa hivyo 2018, na inatazamiwa kuwa hivyo tena 2030. Mtoto aliyezaliwa mwaka maua yalipochanua mara ya mwisho atakuwa na miaka 12 yatakaporudi. Husimuliwa kwamba Wapaliyan, wenyeji wa misitu ya milima hiyo, walihesabu umri wa mtu kwa maua haya.

Kwa nini mmea usubiri hivyo? Wataalamu wa mimea ya namna hii wanaeleza kwamba mbegu zikitoka zote mwaka mmoja, walaji wa mbegu hushiba kabla ya kuzimaliza, na zinazobaki huota. Siku hizi adui mkubwa wa kurinji ni mashamba ya chai na mikaratusi yaliyopandwa mahali pake. Mmea unaochanua mara moja kwa miaka 12 ni rahisi kusahaulika katikati, na aliyesahau hufyeka bila kujua anachofyeka.

Washairi wa Kitamil wa huko kusini hawakuusahau. Takriban miaka 2,000 iliyopita waliigawa nchi yao katika mandhari tano, na nchi ya milima wakaipa jina la ua hili. Mungu wa nchi hiyo ni Murugan, na ndege anayempanda ni tausi.

Tausi mnamjua, hata kwa picha. Wengine wamewaona kwenye bustani za Ikulu, Dar es Salaam. Kwao ni India na nchi za jirani, na tangu 1963 ndiye ndege wa taifa la India. Ukipata unyoya wake, usiridhike kuusifia, uchunguze. Ile rangi ya kijani na buluu haimo ndani ya unyoya. Rangi iliyomo humo ni kahawia iliyokoza. Ndani ya vinyweleo vya unyoya kuna vijiti vidogo mno vilivyopangwa kwa safu, navyo huurudisha mwanga kwa namna ambayo jicho lako linaona buluu hapa, kijani pale, dhahabu ukigeuza kidogo. Ukiusaga unyoya, mpangilio huvunjika na uzuri wote hutoweka. Dume anapocheza mbele ya majike huutikisa mkia wake wa manyoya zaidi ya 150, takriban mara 25 kwa sekunde moja, lakini yale "macho" ya mkiani huonekana yametulia kabisa, kana kwamba yanaelea. Mvua zikiisha, manyoya hayo hudondoka yenyewe, mengine humea. Kwa hiyo unyoya anaouvaa mungu Krishna kichwani katika picha zake unaweza kuokotwa chini, bila ndege kuuawa.

Lakini lazima niwaambie na habari ya huzuni, kwa sababu alama inaweza kubaki ukutani huku kiumbe chake kikiisha.

Katika Ramayana, utenzi wa kale wa Wahindu, yumo tumbusi mzee aitwaye Jatayu. Ravana, mfalme wa Lanka, alipomteka Sita, mke wa shujaa Rama, akaruka naye angani, Jatayu peke yake ndiye aliyemzuia njiani. Alipigana hadi mabawa yake yakakatwa. Rama alipofika, tumbusi alikuwa anakata roho, lakini alimweleza ni nani aliyemchukua Sita. Rama akamfanyia mazishi kama vile mtoto anavyomfanyia baba yake. Nampenda sana aliyetunga kisa hiki: alimchukua ndege ambaye watu humwona mchafu, akampa ushujaa.

Na tumbusi alistahili. India ina ng'ombe wengi ambao hawachinjwi. Wakifa, mizoga ilikuwa kazi ya tumbusi, waliokuwepo kwa mamilioni. Kuanzia miaka ya 1990 wakaanza kudondoka kutoka mitini. Ndani ya miaka kama 15, kati ya kila tumbusi 100 wa jamii ya mgongo mweupe, hakubaki hata mmoja kamili. Mwaka 2004 timu ya mwanasayansi Lindsay Oaks ilitangaza sababu: diklofenaki, dawa ya maumivu waliyopewa ng'ombe. Tumbusi aliyekula mzoga wenye dawa hiyo alikufa kwa figo kushindwa kazi. Mizoga ikabaki ikioza, mbwa wa mitaani wakaongezeka, na kichaa cha mbwa pamoja nao. Serikali ilipiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006, na huko Pinjore, jimbo la Haryana, kuna kituo kinachowazalisha tumbusi ili warudishwe angani. Kazi ni ya polepole, maana jozi moja hutaga yai moja tu kwa mwaka.

Namalizia na ndege asiye na hekalu wala kisa cha kale. Ni kozi wa Amur, mwenye uzito wa gramu 150 hivi. Huzaliana Siberia na kaskazini mwa China, na kila Oktoba hutua kwa makundi makubwa mno Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, karibu na ziwa la bwawa la Doyang. Hutua huko kula kumbikumbi. Mwaka 2012 habari zilienea kwamba wanakijiji walikuwa wakiwanasa kwa nyavu, maelfu kwa maelfu kila siku, na kuwauza kwa kitoweo. Mwaka uliofuata kijiji cha Pangti kiliamua: basi. Nyavu zikaondolewa. Watu wengi wa huko ni Wakristo, na makanisa yao yalisaidia kueneza ujumbe. Novemba 2013 wanasayansi waliwafunga kozi watatu vifaa vyepesi vya setilaiti, wakawapa majina Naga, Wokha na Pangti. Ndege hao wakakatiza India, wakaivuka Bahari ya Arabu bila kutua, wakaingia Afrika kupitia Somalia, wakaendelea hadi kusini mwa bara. Inafikiriwa kwamba juu ya bahari hula kereng'ende, ambao nao huvuka wakati huohuo kuja upande wetu.

Njia yao inapita juu yetu. Novemba na Desemba, mvua ikishanyesha na kumbikumbi wakitoka, hasa maeneo ya Tsavo, tazameni makundi ya kozi wadogo wanaowinda hewani. Dume ni wa kijivu kilichokoza, mapaja yake mekundu ya matofali, miguu ya rangi ya machungwa, na akifungua mabawa, upande wa chini mbele ni mweupe kabisa. Weupe huo ndio utakaowaambia kwamba huyu huenda alikuwa Nagaland majuma machache yaliyopita.