Pigo baada ya kipyenga: Faini za NFL humuuma nani?

DESEMBA 1, mwaka 2024, mjini Jacksonville katika jimbo la Florida, Trevor Lawrence wa timu ya Jaguars alikimbia na mpira, kisha akajitupa chini kwa kutanguliza miguu. Katika futiboli ya Kimarekani kitendo hicho ni sawa na kusalimu amri: mchezo husimama hapo hapo, na aliyejitupa hapaswi kuguswa tena. Hata hivyo, Azeez Al-Shaair wa Houston Texans alimvamia na kumpiga kichwani kwa mkono. Lawrence alitolewa uwanjani kwa kigari akiwa amepata mtikisiko wa ubongo. Al-Shaair alifukuzwa uwanjani, na siku mbili baadaye ligi ya NFL ikamfungia michezo mitatu bila malipo.

Kosa hilo ni pigo la kuchelewa, yaani kumkumba mwenzako baada ya kipyenga, au akiwa amekwisha kuvuka mstari wa pembeni, au amelala chini na hana tena la kufanya. Adhabu ya papo hapo ni yadi 15, takribani mita 14, nayo hubebwa na timu nzima. Faini ni jambo jingine. Humfuata mchezaji mwenyewe siku kadhaa baadaye, maofisa wa ligi wakishapitia picha za video, na huweza kutozwa hata kama mwamuzi hakuliona kosa.

Tatizo ni kwamba viwango vya faini hupangwa kwa kosa, si kwa kipato. Katika msimu wa 2013, pigo la kuchelewa lilikuwa na faini ya kuanzia dola 7,875 kwa kosa la kwanza na dola 15,750 kwa la pili. Mwaka huo mchezaji mgeni wa kima cha chini alilipwa dola 405,000, zikigawanywa kwa wiki 17, yaani kama dola 23,800 kwa wiki. Kwake faini hiyo ilikuwa theluthi ya malipo ya wiki. Kwa nyota wa dola milioni 10 kwa msimu, haikufikia hata asilimia moja na nusu. Mfanyakazi wa kawaida atasema wote hao ni matajiri, na hajakosea. Lakini mchezaji mgeni anaweza kuachwa na timu wakati wowote, na mikataba mingi ya NFL haina dhamana ya kulipwa hadi mwisho.

Mkataba wa mwaka 2011 kati ya ligi na chama cha wachezaji uliliona hilo. Mchezaji anaweza kukata rufaa kwamba faini ni kubwa mno kulinganisha na kipato chake, iwapo inazidi robo ya mshahara wa wiki kwa kosa la kwanza, au nusu kwa la pili. Wasikilizaji wa rufaa huteuliwa na kulipwa na pande zote mbili.

Kwa nyota, fedha peke yake haijawa kinga. Oktoba 2010, James Harrison wa Pittsburgh Steelers alitozwa dola 75,000 kwa kumgonga Mohamed Massaquoi wa Cleveland, akatamka hadharani kwamba anafikiria kustaafu. Hakustaafu. Desemba 2011 alimgonga Colt McCoy wa timu hiyo hiyo ya Cleveland, na safari hii akafungiwa mchezo mmoja. Mwaka 2017 Rob Gronkowski wa New England alimwangukia Tre'Davious White wa Buffalo aliyekuwa amelala nje ya mstari. Uwanjani alipewa adhabu ya yadi tu na kuendelea kucheza. Kufungiwa kulikuja baadaye.

Nyuma ya ukali huo kuna hofu ya majeraha ya ubongo. Mwaka 2013 ligi ilikubali kulipa dola milioni 765 kumaliza kesi ya wachezaji wa zamani, na ukomo wa kiasi hicho ukaondolewa baadaye.

Walinzi nao wana hoja. Al-Shaair aliomba radhi na kueleza kuwa hakumwona Lawrence akijitupa hadi alipokuwa amechelewa. Rufaa yake ilikataliwa. Adhabu yake iliisha kabla ya mchezo wa mwisho wa msimu wa kawaida. Lawrence, aliyekuwa pia na jeraha la bega, hakucheza tena msimu huo.