"Walimu wafunzwe saikolojia": sawa, lakini nani analipa? (Uzi)

Wadau, uzi mwingine. Sheria yetu mnaijua: hapa hatutaji mwanasiasa wala chama, tunachambua hoja peke yake.

Hii lazima umeisikia kwenye mdahalo. Bweni limechomwa mahali, mwongozaji anauliza wagombea watafanya nini, na mmoja anajibu: "Walimu wetu wapewe mafunzo ya saikolojia." Makofi. Swali linalofuata ni la barabara. Mimi hukwama hapo, manake ndani ya hiyo sentensi kuna maswali kadhaa na hakuna hata moja limejibiwa.

Kwanza, mwalimu gani? Sekondari zetu hazifundishi saikolojia kama somo. KCSE haina mtihani wake. Mwalimu hukutana na saikolojia ya elimu akiwa chuoni, anasoma, anafanya mtihani, anaenda zake. Anayebebeshwa hiyo kazi shuleni ni mwalimu wa gaidansi, wa idara ya ushauri nasaha. Na mara nyingi huyo hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Ni mwalimu wa CRE, au wa Kemia, ambaye prinsipo alimwangalia akaona ni mpole. Vipindi vyake vya kawaida viko pale pale, gaidansi inaongezwa juu.

Wetu alikuwa mwalimu wa Historia. Shule siitaji, ni ya bweni, huku huku Bonde la Ufa. Kulikuwa na kijana wa darasa letu aliyefiwa na babake tukiwa Form Three. Aliporudi kutoka mazishi akaanza kulala darasani na kuruka prepu. Mwalimu wa gaidansi akamwita, wakaongea kwa stoo ya vitabu manake hakukuwa na chumba kingine, na kijana akamwambia mambo mazito ya nyumbani kwao. Wiki mbili baadaye akapelekwa mbele ya kamati ya nidhamu kwa sababu ya zile prepu. Anaingia, anakuta nani ameketi pale mezani? Mwalimu yule yule.

Mwalimu hakusema kitu, na sidhani alitoa siri ya mtu. Lakini kijana alipotuambia alichokiona, hakuna mtu wa darasa letu alikanyaga ile stoo tena. Hadi tukamaliza Form Four.

Simlaumu sana. Nadhani hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kusikiliza na kuhukumu haviwezi kukaa kwa mtu mmoja. Hayo ndiyo mambo mafunzo mazuri yangemfundisha: siri inalindwa vipi, mpaka wake ni upi, na ni lini aseme "hili limenizidi" na kumpeleka mtoto kwa mtaalamu. Hiyo ya mwisho ina uzito wa kisheria pia. Tangu 2014 tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, inayotaka wanaofanya kazi hiyo wasajiliwe na bodi. Mwalimu wa gaidansi yuko hapo katikati: tunamtarajia amshike mtoto aliyekata tamaa kabisa, na si mtaalamu aliyesajiliwa.

Tulifikaje hapa? Machi 2001 moto uliua wanafunzi 67 katika Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mwaka huo huo serikali ikapiga marufuku kiboko shuleni. Wazo lilikuwa zuri, fimbo iende, ushauri uje. Shida ni kwamba fimbo inaweza kuondolewa kwa ilani moja ya kisheria, siku moja. Ushauri unataka watu, saa na pesa, na vitu hivyo havikuja na ile ilani.

Sasa pesa, ambapo ndipo ugomvi wenyewe uko.

Sheria ya TSC ya 2012 inataka kila mwalimu aliyesajiliwa aendelee kujiendeleza kikazi. Wakati sheria inaandikwa sikumbuki watu wakipigana sana. Moto uliwaka Septemba 2021, TSC ilipozindua mpango wenyewe: moduli sita, kila moja miaka mitano, kupitia taasisi nne, na mwalimu alipe shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Piga hesabu. Ni miaka 30 na shilingi 180,000. Walimu wengi wakakataa, na mitandaoni wakaitwa wavivu wasiotaka kusoma. Hapo ndipo tulidanganywa. Wengi wao hawakuwa wanapinga kusoma. Walikuwa wanauliza kwa nini mwajiri anataka ujuzi halafu bili anampa mfanyakazi.

Na msiniambie haiwezekani kufanywa vingine. Walimu wa hisabati na sayansi walipewa SMASSE kuanzia 1998, kwa ushirikiano na JICA ya Japani. Ilianza wilaya tisa, ikaenea nchi nzima kuanzia 2003. Walimu walikutana wakati wa likizo, wakafunzwa na wenzao waliotangulia, na hakuna aliyeambiwa alipe karo kama mwanafunzi wa chuo. Kwa hivyo njia tunaijua. Tuliamua Fizikia inastahili, gaidansi ijitafutie.

Sasa kuna ahadi nyingine ya kuchunga, hasa hapa Nakuru: mgombea wa ugavana anayesema atafunza walimu wa sekondari saikolojia. Fungua Katiba, Jedwali la Nne. Kaunti imepewa elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Sekondari ni ya serikali ya kitaifa, na walimu wake ni wa TSC. Gavana anaweza kutafuta makubaliano na serikali ya kitaifa, hiyo njia ipo. Lakini hawezi kuamka Jumatatu na kuwaita walimu wa Molo au Subukia semina kana kwamba ni wafanyakazi wake. Akiahidi, mwambie aeleze ataanzia wapi.

Na kwa nini wanasiasa wanapenda kujenga madarasa kuliko kufunza walimu? Darasa lina ukuta, ukuta unapakwa jina. Mwalimu aliyejifunza kunyamaza na kusikiliza utampaka jina wapi?

Huku kwetu hii si hadithi ya mbali. Baada ya uchaguzi wa 2007 familia zilizofurushwa zilijaa kwenye uwanja wa maonyesho wa Nakuru. Mei 9, 2018 bwawa la Solai lilipasuka usiku, makumi wakafa. Aprili 2024 ikawa Mai Mahiu, maji tena, usiku tena. Kila mara misaada inakuja, blanketi zinagawanywa, kamera zinaondoka. Halafu shule zinafunguliwa, na mtoto aliyeona maji yakibeba dada yake anaketi mbele ya mwalimu wa Jiografia anayefundisha mafuriko. Huyo mwalimu afanye nini? Njoro tuna Egerton, chuo kikuu kinachofundisha mambo ya saikolojia na ushauri, umbali wa matatu moja kutoka mjini. Wataalamu hatujakosa.

Kwa hivyo mgombea akisema tena "wafunzwe saikolojia", usipige makofi bado. Muulize pesa ziko kwenye bajeti ya nani. Muulize mwalimu atapunguziwa vipindi vingapi. Muulize kama huyo mwalimu atatolewa kwenye kamati ya nidhamu. Hilo la mwisho halina gharama hata shilingi moja, na ndilo sijawahi kusikia likijibiwa.

Kama wewe ni mwalimu wa gaidansi Gilgil, Rongai, Kuresoi, popote, nirekebishe hapo chini. Hasa hapo kwa vipindi, nataka kujua wewe una vingapi kwa wiki.