Kaza kwa Kiasi: Nyuzi za Gitaa kati ya Same na Milima ya Upare

Gitaa lilivunjika saa nane mchana, wala hapakuwa na mtu aliyeligusa. Lilikuwa limetundikwa ukutani, chini ya bati, katika nyumba yetu mjini Same. Tulisikia mlio mmoja mkavu, kama fimbo iliyopigwa juu ya meza. Tulipokimbilia chumbani tulikuta kile kijibao kinachoshika nyuzi, ambacho mafundi hukiita daraja, kimeng'oka pamoja na ganda la ubao wa mbele, kinaning'inia kwenye nyuzi zake.

Gitaa hilo lilikuwa la marehemu baba mdogo, aliyekuwa mwalimu wa shule huko milimani. Alilipiga miaka mingi lisipatwe na dhara lolote. Sisi tulilivunja kwa siku tatu. Nyuzi zake za nailoni zilipokwisha, tulinunua za chuma, kwa kuwa ndizo tulizozikuta dukani, na kwa kuwa tulidhani uzi mgumu ndio uzi bora.

Ndugu msomaji, sikusimulii haya ili unihurumie. Katika nyumba nyingi za wafanyakazi limo gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme. Limenunuliwa kwa akiba ya miezi kwa ajili ya kijana wa kwaya, au limerithiwa kwa mzee. Aghalabu mwenye nyumba huuliza bei ya nyuzi, asiulize mkazo wake. Kumbe mkazo ndio unaoamua kama chombo kitadumu na kama vidole vya mtoto vitapenda kujifunza.

MKAZO NI NINI?

Chukua kamba mbili za katani, moja nene na moja nyembamba, uzifunge kati ya miti miwili. Ukitaka zitikisike kwa kasi moja, ile nene itakudai nguvu zaidi ya kuivuta. Ndivyo ulivyo uzi wa gitaa. Mambo matatu hufungamana: urefu wa uzi, uzito wake na sauti unayoitaka. Ukishayachagua hayo matatu, mkazo umekwisha kujipanga wenyewe. Kazi yako ni kuufikia tu.

Gitaa la klasiki, lile lenye shingo pana na nyuzi tatu zinazong'aa kama mshipi wa kuvulia samaki, lina urefu wa uzi wa sentimita 65 hivi. Kipimo hicho na umbo lake vilienea kutokana na kazi ya fundi Mhispania, Antonio de Torres, aliyefariki mwaka 1892. Wakati huo nyuzi zilitengenezwa kwa utumbo wa wanyama. Nailoni iliingia katika miaka ya 1940, pale Albert Augustine, fundi wa New York, aliposhirikiana na mpigaji mashuhuri wa Hispania, Andrés Segovia. Gitaa la aina hiyo hujengwa kwa ubao mwembamba ili liitikie uzi mwepesi.

Sasa tazama hesabu. Nyuzi sita za nailoni zenye mkazo wa kawaida huvuta kwa jumla kilo 38 hadi 40 hivi. Zile ziitwazo ngumu huongeza kilo chache tu. Lakini nyuzi sita za chuma, hata zilizo nyembamba, aghalabu huvuta kilo 60 na zaidi. Huo ni uzito wa mtu mzima anayening'inia, usiku na mchana, kwenye kijibao kilichogandishwa kwa gundi. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Katika gitaa letu uzi haukuwa pembamba. Pembamba palikuwa penye gundi, na joto la bati likamaliza kazi.

NGUMU AU LAINI?

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: gitaa lililojengwa kwa nailoni lipewe nailoni. Baada ya hapo ndipo kuna uchaguzi, kwa maana nailoni nazo zina daraja zake: laini, za kawaida na ngumu.

Uzi laini hubonyezeka kwa urahisi. Humfaa anayeanza, mzee mwenye vidole vinavyouma, na chombo cha zamani ambacho ubao wake umechoka. Ila ukipigwa kwa nguvu huchezacheza sana, ukagusa vile vijiti vya chuma vilivyopandwa shingoni, nao ukatoa mkwaruzo. Uzi mgumu husimama imara chini ya mkono wa kulia na huweza kutoa sauti kubwa zaidi, lakini mkono wa kushoto ndio unaolipa gharama.

Wapigaji wa flamenko, muziki wa Andalusia kusini mwa Hispania, wanaufahamu vyema mvutano huo. Wao hutaka nyuzi zikae chini, karibu kabisa na shingo, ili vidole viende mbio. Na papo hapo huzichapa kwa kucha zote kwa pamoja. Uzi ulio laini mno utakwaruza; ulio mgumu mno utauchosha mkono kabla ya wimbo kwisha. Wengine huchagua wa kawaida, wengine mgumu, kila mmoja kwa kadiri ya chombo na mkono wake. Mpigaji wa klasiki, ambaye hutaka sauti iliyojaa na inayokawia, naye hupima vivyo hivyo. Basi usimwige jirani yako kabla hujavisikiliza vidole vyako.

Lipo jambo moja litakaloweza kukushangaza. Gitaa dogo la mtoto, lenye urefu wa uzi wa sentimita 58, likitiwa nyuzi za kawaida na kupandishwa kwenye sauti ya kawaida, mkazo wake hupungua kwa takriban sehemu moja ya tano. Nyuzi hulegea na sauti hufifia, mtoto akadhani hana kipaji. Hapo ndipo nailoni ngumu inapofaa, katika gitaa dogo, mahali ambapo mzazi angedhani panafaa laini.

HEWA YA TAMBARARE, HEWA YA MILIMA

Anayeishi Same hana budi kuizingatia hewa pia. Mji wetu upo tambarare, upande ambao milima imeuzibia mvua; upepo ni mkavu na jua ni kali. Panda gari uende juu, kuelekea vijiji vilivyo chini ya kilele cha Shengena chenye mita 2,462, nawe utakuta ukungu, migomba na nguo zisizokauka. Safari ya saa chache tu humtoa gitaa katika ukame na kumtia katika unyevu.

Wazee wetu walilijua jambo hili kwa ngoma. Ngozi iliyolegezwa na unyevu waliisogeza karibu na moto hadi ikaze. Gitaa halina ngozi, lina mbao, na kamwe lisisogezwe motoni. Ubao ukinywa unyevu huvimba. Ubao wa mbele huinuka, nyuzi zikapanda juu na kuwa nzito kubonyeza. Ukikauka husinyaa, nyuzi hushuka na kuanza kukwaruza, na ukame ukizidi ubao hupasuka. Kwa hiyo mtu wa milimani anayeona nyuzi zimekuwa ngumu asikimbilie kununua laini, na mtu wa Same anayesikia mkwaruzo asikimbilie kununua ngumu. Pengine kilichobadilika ni ubao.

Ukisafiri nalo, legeza nyuzi kidogo kabla ya kuondoka. Ufikapo, liache ndani ya mfuko wake lizoee hewa, ndipo ulikaze. Nyumbani liweke kwenye ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na bati na dirisha.

UKIWA HUNA LA KUCHAGUA

Huenda utasema: dukani kwetu nyuzi ni za aina moja tu. Hata hivyo huna haja ya kukata tamaa. Ukishusha nyuzi zote kwa nusu toni, mkazo hupungua kwa takriban sehemu moja ya kumi. Ukishusha kwa toni nzima, sehemu moja ya tano. Vidole vitapumzika, na chombo cha zamani kitapumua. Ukihitaji kulingana na wenzako, bana shingo kwa kibano sehemu ya kwanza au ya pili, sauti itarudi mahali pake.

Uzi mmoja mwembamba ukikatika na huna wa akiba, mshipi wa kuvulia samaki waweza kukusitiri. Uzi wa kwanza una unene wa milimita 0.7 hivi, wa pili 0.8, wa tatu kama milimita 1. Usitarajie sauti ya ajabu, ila ibada ya Jumapili haitakwama. Na uzi mpya wa nailoni hunyumbuka kwa siku kadhaa. Ukaze kidogo kidogo, wala usiulaumu kwa kushuka.

Gitaa la baba mdogo alilitengeneza seremala wa hapa mjini. Alikwangua gundi ya zamani, akalibana daraja kwa siku mbili, akatuonya. Sasa lina nailoni laini, nalo hukazwa nusu toni chini ya magitaa mengine. Kovu lingali linaonekana. Binti yangu hulipiga kila jioni, na jua likikaribia ukuta ule, yeye mwenyewe hulihamisha.