Kitenzi Kilichombeba Tai

Hadithi, hadithi! "Hadithi njoo!" Haya, simameni hapo hapo. Mbona hamkusema "hadithi ja"? Kitenzi si kuja? Tunasema amekuja, atakuja, haji. Lakini ukimwita mtu, linachomoza neno jingine kabisa: njoo. Hakuna aliyekukalisha chini akakufundisha. Umelikuta midomoni mwa mama.

Warumi wa kale nao walikuwa na kitenzi cha namna hiyo, na chao kilizidi. Mrumi akitaka kusema "nabeba", alisema fero. Akitaka kusema "nilibeba", alisema tuli. Mtafuteni fero ndani ya tuli: hayumo, hata herufi yake moja! Na kitu kilichobebwa? Latum. Humo pia hayumo.

Ilikuwaje? Zamani hizo palikuwa na mizizi miwili, mmoja wa kubeba, mwingine wa kuinua. Nani abebe mzigo asiouinua kwanza? Basi fero, alipokosa umbo la wakati uliopita, akaazima kwa jirani. Tuli na latum ni ndugu wa tumbo moja, ingawa hawafanani: latum alikuwa tlatum, ile t ya mbele ikadondoka njiani.

Sasa tukione kitenzi hiki kazini. Mwaka 55 K.K. merikebu za Julius Caesar zilifika pwani ya Uingereza. Maji marefu, askari wamelemewa na silaha, na Waingereza wa kale wanawangoja ufukweni na farasi wao. Askari wakasita. Kila jeshi la Roma lilikuwa na sanamu ya tai juu ya mti mrefu, na kumwacha tai aangukie mikononi mwa adui ilikuwa aibu isiyofutika. Mbeba tai wa jeshi la kumi akawapigia kelele wenzake waruke, akajitupa majini, akamchukua tai kuelekea kwa adui. Wakamfuata! Caesar aliyaandika hayo mwenyewe, wala jina la mtu yule hakulitaja. Alimtambulisha kwa kazi yake tu: yule aliyekuwa akimbeba tai. Warumi walimwita aquilifer, aquila ni tai, na mwishoni mwake mnamsikia fero.

Mimi nikikifasiri kitenzi hiki, napenda zaidi neno letu kuchukua. Mchukuzi huchukua mizigo, na watu wenye subira huchukuliana. Fero naye alikuwa hivyo: alibeba gunia, akavumilia na maumivu.

Alibeba hata maneno. Warumi walipotaka kusimulia jambo lililosikika kwa watu, walisema ferunt, "wanabeba", yaani watu wanasema. Kwao habari nayo ilikuwa mzigo: unashuka bega hili, unapanda lile.